Mlango wa Kushoto wa Gari la Mwalimu

Vijana, nianze na aibu, maana nikiiacha mwisho nitaisahau makusudi. Nimegonga mabati ya magari hapa Nyeri tangu nilipomaliza Kidato cha Nne na matokeo ambayo mama yangu aliyakunja akayahifadhi ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Maombolezo. Miaka yote hiyo sikuwahi kufunga bati hata moja mahali penye joto. Haikuwa bahati mbaya, ilikuwa tabia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda kiti changu, sweta yangu na ukungu wangu wa asubuhi. Nilipoitwa kazini Nairobi nilikataa, na nilipoitwa Mombasa niliugua ghafla. Mke wangu, Mama Muthoni, huwaambia wageni, "Huyu akipita Karatina anaanza kuuliza ubalozi uko wapi."

Wageni hucheka. Mimi pia hucheka, kwa sababu ni kweli. Ila kwa kutotoka nyumbani nilikuja kufanya kosa ambalo fundi wa Kagio au wa Embu, kule kwenye joto, hangelifanya hata akiwa usingizini.

Kwanza niwaambie nilijifunzia wapi, msije mkamlaumu aliyenifundisha. Mzee Kibuchi alikuwa na gereji chini ya mji, karibu na mto. Siku ya kwanza alinipa mlango wa pikapu na kitambaa chembamba cha pamba, akaniambia nifumbe macho, niweke kitambaa kati ya kiganja na bati, kisha nipapase.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi rudia. Jicho ni mlevi, kijana. Kiganja ndicho kimeokoka."

Jaribuni hiyo leo. Kiganja kitupu hunasa kwenye rangi, lakini kikiteleza juu ya kitambaa kinasikia kibonde ambacho jicho lingeapa hakipo.

Mwezi uleule nilipewa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, yaliyobonyea kidogo. Nikagonga. Palipobonyea pakatoka, pengine pakavimba. Nikagonga uvimbe, ukahamia kando. Hakuna aliyeniambia kwamba bati ni kama chapati: kila ukiligonga linatanuka, na hakuna fundi anayejua kusukuma chapati irudi kuwa donge. Kufikia saa kumi jioni madigadi yangu yalikuwa na umbo la sufuria. Mzee Kibuchi hakunigombeza. Aliyapachika ukutani nyuma ya gereji, na kwa miaka miwili kuku wake walitagia humo. Kila nilipopita aliniambia, "Kazi yako ya kwanza bado inaendelea vizuri."

Nimeona mengi yakibadilika. Ilikuja fila, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bati, watu wakaacha kugonga wakaanza kupaka kama wanakandika nyumba. Nilishawahi kufungua mlango mmoja uliokuwa na fila nzito kuliko mlango wenyewe. Sasa ninyi mna bampa za plastiki, mnazipasha joto na kuzirudisha kwa kidole. Siwadharau. Nawacheka kidogo tu, halafu nasahau kwamba magoti yangu yaliharibikia chini ya magari na yenu bado yanakunjika.

Nilikuwa tayari nimestaafu, nikifuga ng'ombe mmoja huku Tetu na kumuudhi mke wangu, wakati Mwalimu Ndirangu alipokuja kwangu. Alikuwa amefundisha fizikia kwenye sekondari ya hapa jirani maisha yake yote. Mimi hakunifundisha, ni wa rika langu, lakini nusu ya kijiji walipitia kwake. Kila mtu alijua kwamba ndani ya stoo yake ya zamani ya kahawa alikuwa anachomelea kitu. Watu walidhani ni trela ya ng'ombe.

"Fundi," akaniambia, "mifupa iko na moyo uko. Imebaki ngozi."

Tulienda nikaona kumbe ni gari. Fremu ya vyuma vya mraba, injini ya pikapu iliyokufa ya jirani, viti viwili, hakuna paa. Gari la kukimbia, la wazi, kama yale ya mashindano. Nilizunguka mara mbili nikitafuta kosa la kuchomelea ili nipate sababu ya kukataa. Sikulipata.

"Mwalimu, mimi nimestaafu. Tafuta kijana."

"Vijana wataniambia ningoje mpaka mwaka ujao. Mimi sina mwaka ujao."

Alinionyesha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, si sana, kama majani ya mti wakati upepo haujaamua. Daktari alimwambia dawa itamsaidia kwa muda, lakini baada ya miezi michache asishike usukani tena.

Kisha akanieleza habari za dada yake. Nyawira anaishi Kagio, kule chini Kirinyaga, ana kibanda cha nyanya sokoni. Mama yao alikufa Mwalimu akiwa bado ananyonya. Nyawira alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliacha shule akamfunga mtoto mgongoni, akaenda naye mtoni, shambani, kila mahali, mpaka alipoweza kukimbia mwenyewe.

"Nilipoingia darasa la kwanza nilimwambia, siku moja na mimi nitakubeba," Mwalimu akasema. "Amenikumbusha kila Krismasi. Anacheka, lakini ananikumbusha."

"Si ungemchukua na gari la mpwa wako?"

"Gari la kununua ni mgongo wa mtu mwingine, Fundi."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama Muthoni, nikitumaini atakataa. Alisema, "Ng'ombe nitaangalia mimi. Wewe nenda ukashone hiyo ngozi."

Tulianza Julai, na wenyeji mnajua Julai yetu. Jua halikuonekana wiki nzima. Ndani ya ile stoo pumzi ilitoka mdomoni kama moshi, na tulipasha spana kwenye jiko kabla ya kuzishika. Bati lilikuwa la alumini, jepesi na laini, zuri kwa gari la namna hiyo. Nilimfundisha Mwalimu kutengeneza patani ya kadibodi kwanza, kama fundi wa nguo. Kata kadibodi, iweke juu ya fremu, chora, punguza, weka tena. Kadibodi ikikosewa unaitupa kwa ng'ombe. Alumini ikikosewa unaitazama maisha yako yote. Ukishapata patani, ongeza upana wa kidole kila upande wa kukunjia, ndipo ukate. Pale alumini inapokutana na chuma paka rangi mara mbili, vinginevyo vitalana kimyakimya mpaka siku bati litakapodondoka barabarani.

Halafu riveti, ile misumari mifupi ya kushikiza bati kwenye fremu. Hapo ndipo nilipojivuna. Niliweka riveti kila baada ya upana wa vidole viwili, nikianzia mwisho mmoja kwenda mwingine, nikivuta bati likae bila kupumua. Kubana! Kwa mlango wa kushoto, wa abiria, nilitumia wiki tatu peke yake. Niliacha nafasi ndogo sana pembeni, wembe ungepita lakini ungeomba ruhusa. Mwalimu aliinama akaangalia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii si kazi ya mkono," akasema.

Nilienda nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka. Tulipaka rangi ya kijani kizito, karibu nyeusi, kama majani chai ya zamani.

Siku ya safari Mwalimu alisisitiza niandamane naye, kama kitu kitalegea. Nilimwambia kifua kinanibana. Nilipoingia ndani nikamkuta Mama Muthoni ameshapiga shati langu pasi. Kwa hiyo nikaenda.

Mpango ulikuwa rahisi. Dawa ya asubuhi ilimpa Mwalimu mikono tulivu mpaka saa saba mchana. Tutoke saa mbili, tufike Kagio saa nne na nusu hivi, ampandishe dada yake, amzungushe, halafu mimi nirudishe gari. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na koti.

Karatina tulipita nikavua koti. Mbele kidogo nikavua sweta moja. Tulipokaribia Sagana nikavua ya pili nikabaki na shati la pasi, na bado jasho likanitoka mahali ambapo sikujua nina jasho. Tulikuwa tunaelekea kusini asubuhi, kwa hiyo jua lilinipiga mimi upande wa kushoto njia nzima, mimi na mlango wangu. Pale karibu na Sagana nikasikia *tung'*.

"Ni nini hiyo?" Mwalimu akauliza.

"Jiwe."

Baada ya muda, *tung'* tena.

"Na hiyo?"

"Jiwe lingine."

"Mawe ya huku yanaruka juu sana," akasema Mwalimu.

Kagio siku ya soko si mahali pa kufika na gari la ajabu kama hutaki kutazamwa. Mwalimu aliegesha kando ya kibanda cha dada yake, ubavu wangu ukiangalia jua, akafungua mlango wake akatoka. Watu wakajaa. Hii ni ya nani, inakunywa nini, inabeba magunia mangapi. Yeye alijibu kila swali kama yuko darasani. Mimi naona haya mbele ya watu, kwa hiyo nilibaki nimeketi kama nusu saa, nikingoja watawanyike. Jua likaendelea kupika.

Ndipo Nyawira alipotoka kibandani. Alikuwa na gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na mkongojo. Alilitazama gari, akamtazama ndugu yake.

"Ndio hii?"

"Ndio hii, maitu." Anamwita hivyo, yaani mama, tangu utotoni.

"Mgongo yako ni ndogo," akasema, na soko likacheka. "Haya. Niingie."

Nikashika kitasa changu nimfungulie. Mlango haukwenda. Nikasukuma kwa bega. Nikasukuma kwa bega na roho. Nikageuka nikaona ubavu wa boneti umefura kama shavu la mtu aliyeuma kiazi moto, na ile nafasi yangu ya wembe haipo. Mlango na ubavu vilikuwa vimeshikana kama mapacha.

"Mzee, umefungiwa?" akauliza mama mmoja muuza vitunguu.

"Wacha," mwenzake akamjibu, "hiyo ni fundi ya Nyeri. Amejifungia ndani ya kazi yake."

Nilipanda juu ya mlango nitoke. Kuhusu suruali yangu, niseme tu kwamba ilifanya uamuzi wake.

Nyawira hakucheka. "Sasa mimi naingilia wapi? Hii nyonga haipandi hata ngazi ya kanisa." Tulijaribu kumpitisha upande wa dereva, lakini katikati ya viti kuna chuma kirefu cha gia, na mguu wake haukuweza kukivuka. Akarudi akasimama kwenye mkongojo wake.

"Tungoje ipoe?" mtu akapendekeza. "Jioni itafunguka."

Mwalimu aliangalia saa. Ilikuwa saa tano na robo. Halafu akaangalia mikono yake, na mimi nikaiangalia, na dada yake akaiangalia. Jioni mikono hiyo isingeshika usukani, na daktari hakuwa ameahidi siku nyingine.

Niliweka kiganja juu ya mlango nikakiondoa haraka. Ulikuwa unachoma. Hapo kiganja kikaniambia kile ambacho kichwa kilikataa kusikia tangu Sagana.

"Mwalimu," nikamwambia polepole, "ule mpira wa chuma na ile pete."

Vijana, mnalijua jaribio hilo la darasani. Mpira unapita kwenye pete ukiwa baridi, ukiupasha moto haupiti.

"Kidato cha Pili," Mwalimu akasema. "Nimeifundisha kila mwaka, Fundi. Kila mwaka."

Mimi pia niliisoma, kwa mwalimu mwingine. Ndiyo hiyo ilikuwa aibu yetu, wazee wawili. Tulikuwa tumefunga bati Julai, likiwa limejikunyata kwa baridi kama sisi wenyewe, tukalibana lisipate pa kwenda. Kisha tukalipaka rangi nyeusinyeusi tukalileta kwenye jua.

"Basi tulipoze," Mwalimu akasema.

Nikawaomba wale akina mama magunia matupu na maji. Hawakuuliza. Waliyatumbukiza kwenye pipa la kuoshea karoti, wakayatandaza juu ya ubavu na mlango, wakamwagia ndoo moja, mbili, ya tatu ikanipata mimi. Muuza vitunguu ndiye aliyeamuru. "Funika na hapa mbele. Wewe, usiguse, umeshagusa ya kutosha." Alikuwa ananiambia mimi. Tulingoja. Boneti ikafanya *tung'* ikarudi mahali pake. Nikavuta kitasa, mlango ukafunguka kama haujawahi kugombana na mtu.

Nyawira akainua mguu.

"Ngoja," nikasema.

Kwa sababu nilikuwa nimeona kitakachofuata. Aingie, mlango ufungwe, jua lirudi, na mama wa watu afungiwe ndani mbele ya ndugu yake asiyeweza kumbeba kumtoa. Nilichukua spana. Mlango ulishikwa na bolti nne. Wiki tatu za kuufunga, dakika kumi za kuung'oa. Niliuweka chini kwenye vumbi la Kagio, uso wake juu.

"Unaharibu?" Nyawira akauliza.

"Natengeneza, mama. Ingia sasa."

Aliketi. Mkanda wa kiti nilikuwa nimeufunga kwenye fremu ya chuma wala si kwenye bati, na hilo angalau nililifanya sawa, kwa hiyo nilimfunga bila hofu. Akaweka mkongojo katikati ya magoti. Mwalimu akawasha. Wakaondoka polepole kuelekea barabara ya Mwea, gauni la kanisani likipepea mahali ambapo mlango wangu ulipaswa kuwa.

Mimi nikabaki nimeketi kwenye kreti, kivulini, mlango umelala mapajani.

"Hiyo mlango ni ya nyumba gani?" mteja mmoja akaniuliza.

"Usimsumbue," akasema muuza vitunguu. "Anaangalia nyanya za cucu." Cucu, yaani bibi, ni Nyawira; nilikuwa nimepewa kazi bila kuambiwa. Sikuuza hata nyanya moja.

Nilikuwa na muda wa kufikiri, na niliyoyafikiri ndiyo haya, yashikeni. Usianze riveti mwisho mmoja. Anza katikati, nenda nje kwa zamu, kushoto na kulia, bati lipate kukimbilia pembeni. Upande mmoja toboa tundu refu kidogo, umbo la yai, ili riveti ishike bila kufunga pingu. Kati ya alumini na fremu weka utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kwenye milango acha unene wa kijiti cha kiberiti, hata kama roho yako inataka wembe. Na kabla hujatoboa tundu la kwanza, muulize mwenye gari litakwenda wapi mchana. Mimi niliuliza litalala wapi tu, kwa sababu hicho ndicho kitu ninachojali mimi.

Baadaye nilizitoboa riveti zile zote nikalifunga gari upya hivyo. Sasa halisemi *tung'* hata Kagio. Nimelipeleka mwenyewe mara tatu, na Mama Muthoni anadai mtu fulani amemwibia mume.

Walirudi karibu saa sita. Mwalimu akasimamisha gari mbele ya kibanda, nikanyanyuka kumfungulia dada yake mkanda. Nyawira akanipiga mkono.

"Nani amesema nimefika?"

"Maitu, tumefika," Mwalimu akasema.

"Mimi nilikubeba miaka tatu. Mvua, jua, na ukinikojolea. Wewe unanishusha na raundi moja?"

Soko likacheka mpaka vitunguu vikamwagika. Mwalimu hakucheka mara moja. Aliangalia saa yake, akaingiza gia, wakaenda tena. Wakarudi, Mwalimu akamtazama dada yake, naye akaelekeza mbele kwa mkongojo. Wakaenda tena. Kwenye raundi ya tatu Nyawira alikuwa ametoa mkono nje na anawasalimia watu wa pembeni kama askofu. Kwenye raundi ya nne mkono wake ulikuwa umerudi ndani, umelala juu ya mkono wa ndugu yake kwenye gia.

Waliposimama ilikuwa saa saba imeanza kupita. Mwalimu alizima injini akanyoosha ufunguo kwangu, na funguo zote kwenye pete zilikuwa zinagongana. Nilizipokea. Nilikuwa nimeshapoza mlango, nikauinua nianze kuurudisha haraka tuondoke, nikaangusha bolti ya kwanza, nikaangusha ya pili.

Nyawira alikuwa ameishika mikono yote miwili ya ndugu yake mapajani mwake.

"Weka pole pole, fundi," akasema bila kunitazama. "Sasa hatuna haraka."